Akina Stewart wa Uskoti walitoka wapi?

Msomaji ameuliza: "Shuleni tulisoma Makbeth, tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare. Mle wachawi wanamtabiria Banquo kwamba atazaa wafalme, na mwalimu alituambia hao ndio akina Stewart waliotawala Uskoti. Juzi nimesoma kwamba asili ya ukoo huo ni Ufaransa. Lipi ni sahihi, na hao wanaosema hivyo wamejuaje mambo ya miaka 900 iliyopita? Je, kila mwenye jina la Stewart leo ni wa ukoo huo?"

Mwalimu wako aliusoma mchezo vizuri. Historia ndiyo iliyomponyoka. Banquo hakuwahi kuishi. Akina Stewart walitoka Dol, mji wa Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Walikaa kwanza Uingereza, kisha wakaingia Uskoti zama za Mfalme David wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1124 hadi 1153. Aliyeingia ni kijana mmoja aitwaye Walter. Hati za Kilatini zinamwandika kuwa ni Walter mwana wa Alan, na vitabu vya Kiingereza humwita Walter fitz Alan. Hilo "fitz" usilihangaikie, ni "bin" yetu. Ukitaka nasaba yake kwa mtindo wa pwani, huyu ni Walter bin Alan bin Flaald bin Alan. Alan huyo wa juu kabisa alikuwa msimamizi wa nyumba ya askofu mkuu wa Dol katika nusu ya pili ya karne ya 11. Shajara yoyote inayopanda juu zaidi ya hapo, hata ikichorwa kwa wino wa dhahabu, ni ya kubuni.

Tumalizane na Banquo kwanza. Anatokea katika historia ya Uskoti iliyoandikwa kwa Kilatini na Hector Boece, ikachapwa Paris mwaka 1527. Macbeth wa kweli alitawala kuanzia 1040 hadi 1057, kwa hiyo kati ya matukio na kitabu kuna takribani miaka 470, na katika muda huo wote hakuna hati, orodha ya mashahidi wala kumbukumbu ya watawa inayomtaja mtu huyo. Kwa Boece, Banquo anauawa, mwanawe Fleance anakimbilia Wales, anazaa na binti wa mtawala wa huko, na mtoto anayezaliwa, Walter, anarudi Uskoti na kupewa usimamizi wa nyumba ya Mfalme Malcolm wa Tatu. Hapo ndipo hadithi inapojikwaa. Malcolm wa Tatu alikufa mwaka 1093. Walter wa kwenye hati alikufa mwaka 1177, na mwaka huo umeandikwa na watawa wa Melrose, waliomjua kama mfadhili wao. Huwezi kuwafanya hao wawili kuwa mtu mmoja.

Kwa nini mtu atunge jambo la namna hiyo? Mwaka 1527 akina Stewart walikuwa wamekaa katika kiti cha enzi kwa zaidi ya miaka 150, na wafalme wa Uskoti walijivunia ukale wa nasaba yao. Haikupendeza kusema kwamba baba wa ukoo alikuwa mgeni aliyekuja kutafuta kazi. Banquo aliwapa damu ya wenyeji, na Fleance akawaongezea damu ya kifalme ya Wales. Mwandishi wa Kiingereza Raphael Holinshed aliibeba hadithi hiyo katika kitabu chake cha 1577, na Shakespeare akaichukua kwake. Mwaka 1603 mfalme wa Uskoti, James, akawa pia mfalme wa Uingereza, na James alikuwa Stewart. Mtunzi anayeigiza mbele ya mfalme wa namna hiyo hawezi kumfanya Banquo mtu mbaya. Ndiyo maana katika mchezo Banquo anabaki msafi, ilhali kwa Boece alishirikiana na Macbeth katika kumuua mfalme.

Sasa kazi yenyewe ya kuthibitisha. Kanuni ya nasaba ni kuanza na kizazi ambacho hakina shaka na kurudi nyuma hatua moja moja. Ukianza juu kwa babu maarufu na kushuka, utajikuta unalazimisha viungo vikubaliane nawe. Kwa akina Stewart, mahali imara ni mwaka 1371, Robert wa Pili alipotawazwa. Mama yake ni Marjorie, binti wa Mfalme Robert Bruce, aliyeolewa na Walter, msimamizi wa sita wa nyumba ya mfalme, mwaka 1315. Kutoka hapo kurudi nyuma njia ni nyoofu: Walter huyo ni mwana wa James aliyekufa 1309, mwana wa Alexander, mwana wa Walter wa Pili aliyekufa 1246, mwana wa Alan aliyekufa 1204, mwana wa Walter wetu. Kila mmoja alirithi cheo cha mwenzake, na hati zao zipo kwa wingi. Hapo hapana ubishi.

Ubishi unaanza kwa Walter wa kwanza, kwa kuwa ndiye asiye na baba Uskoti. Anajitokeza katika hati za David akiwa shahidi. Kwa mtafiti, orodha ya mashahidi mwishoni mwa hati ina thamani kuliko maneno ya hati yenyewe. Mwandishi wa hati ya karne ya 12 mara nyingi haweki mwaka, ila anataja maaskofu, wakuu na maofisa waliokuwapo. Ukijua askofu fulani alisimikwa lini na ofisa fulani alikufa lini, unabana hati kati ya miaka miwili. Ndiyo sababu ukifungua machapisho ya hati za Uskoti utaona tarehe kama "1136 × 1153". Alama hiyo haimaanishi kwamba jambo lilidumu miaka 17. Inamaanisha lilifanyika siku moja, mahali fulani ndani ya kipindi hicho. Wengi huikosea, kisha wanajenga hoja juu ya mwaka wa kwanza kana kwamba ndio mwaka wenyewe.

Hati iliyo nzito kuliko zote kwa ukoo huu ni ya Mfalme Malcolm wa Nne, mjukuu wa David, iliyotolewa mwaka 1161 au 1162. Inathibitisha ardhi ambazo David alimpa Walter, zikiwamo Renfrew, Paisley na eneo la Strathgryfe, magharibi mwa Uskoti kwenye mto Clyde. Inafanya cheo cha usimamizi kuwa cha kurithiwa. Pia inampa kiwanja kizima cha kufikia katika kila mji wa kifalme na katika kila makazi ya mfalme, pamoja na ekari 20 kwa kila kiwanja. Kwa upande wake Walter alidaiwa huduma ya wapiganaji watano wa farasi wenye deraya. Ukiisoma kwa makini utaelewa kazi ya mtu huyu ilikuwa ipi. Mfalme wa wakati ule hakuwa na makao makuu. Alizunguka na watu wake, akila mazao ya ardhi yake mahali hadi mahali. Msimamizi alitakiwa kufika naye, pengine kumtangulia, na ndiyo sababu alihitaji pa kulala kila mji.

Na kwa nini Renfrew? Ni mlango wa Clyde, na upande wa pili wa maji kulikuwa na Somerled, bwana wa Argyll na visiwa, ambaye hakuwa akimtii mfalme kwa hiari. Mwaka 1164 Somerled alipanda mto huo na merikebu zake akauawa karibu na Renfrew. Mgeni aliyepewa ardhi pale hakupewa zawadi tu, aliwekwa mlangoni kama komeo.

Daraja la kuvuka kutoka Uskoti hadi Uingereza linapatikana kanisani. Kati ya 1161 na 1164 Walter alianzisha nyumba ya watawa, ambayo baada ya miaka michache ilitulia Paisley. Angeweza kuleta watawa kutoka monasteri kubwa kadhaa. Akawaleta 13 kutoka Wenlock, iliyo katika kaunti ya Shropshire, mpakani mwa Uingereza na Wales. Nyumba hiyo mpya iliwekwa chini ya Mtakatifu Yakobo, Mtakatifu Mirin wa hapo Paisley, na Mtakatifu Milburga. Milburga ni mtakatifu wa Wenlock, na jina lake kufika Uskoti halina maelezo mengine isipokuwa kwamba mwanzilishi alikuwa na kwao huko. Angalia pia watu aliofuatana nao. Robert wa Montgomery akapata Eaglesham. Robert Croc akaacha jina lake katika Crookston. Richard aliyeitwa Wallace, yaani "Mwelshi", akaacha jina lake katika Riccarton. Ukoo wa William Wallace, shujaa wa vita vya uhuru wa Uskoti, unahusishwa na Richard huyo. Mtu akihama na majirani zake, majirani hao wanakuonyesha alikotoka.

Katika Shropshire tunamkuta Alan bin Flaald, bwana wa Oswestry, mtu wa Mfalme Henry wa Kwanza. Kabla ya kuwa mfalme mwaka 1100, Henry alishika sehemu za magharibi mwa Normandy, jirani kabisa na Dol, na huko alipata marafiki wa Kibretoni. Mwaka 1102 alimfukuza Robert wa Bellême aliyeasi, ardhi nyingi za Shropshire zikabaki bila bwana, na watu wapya wakahitajika haraka. Alan alifika wakati mzuri. Alimwoa Avelina, binti wa Ernulf wa Hesdin, akapata pia ardhi Norfolk, na huko Sporle akaanzisha nyumba ndogo ya watawa iliyokuwa tawi la Saint-Florent ya Saumur, kwenye mto Loire.

Saint-Florent ndiyo kiungo cha mwisho. Kwa nini bwana wa mpaka wa Wales awape ardhi watawa wa Loire? Kwa sababu ndio watawa wa nyumbani. Katika hati zao, familia ya wasimamizi wa Dol inatajwa zaidi ya mara moja. Ndugu mmoja, Rivallon, alikuwa mtawa wao. Na kanisa la watawa la Monmouth, tawi jingine la Saint-Florent lililoanzishwa na Mbretoni, lilipowekwa wakfu mwaka 1101 au 1102, miongoni mwa waliohudhuria ni mtu aliyeandikwa kuwa Float, mwana wa Alan msimamizi. Float na Flaald ni jina moja katika maandishi mawili, na ni jina adimu sana. Laiti angeitwa William, ushahidi huo usingefika popote, maana akina William walijaa kila kaya ya mabwana. Alan mwingine wa familia hiyo, aliyekuwa msimamizi wa Dol baada ya baba yake, alikwenda katika vita vya kwanza vya msalaba.

Aliyefunga hoja hii ni mwanahistoria Mwingereza J. Horace Round, mwaka 1901, kwa kuziweka hati za Saint-Florent kando ya zile za Uingereza. Kabla yake, mwishoni mwa karne ya 18, jaji Mskoti Lord Hailes alikuwa amekwisha kuikataa hadithi ya Banquo, na mwaka 1807 George Chalmers alionyesha kwamba Walter alikuwa mwana wa Alan bin Flaald wa Shropshire. Katikati ya karne ya 19 R. W. Eyton, mjuzi wa Shropshire kuliko wote wa wakati wake, alijaribu kuwapatanisha wote: Flaald, akasema, ndiye Fleance. Majina yanafanana kweli, na kosa lake lina funzo kwa yeyote afanyaye kazi hii. Mfanano wa sauti si ushahidi mpaka uwe na mahali na hati vinavyouunga mkono. Float wa Monmouth anavyo, Fleance hana.

Alan bin Flaald aliacha wana watatu wanaojulikana vizuri. Jordan alirudi kushika cheo cha Dol. William akashika Oswestry, na kizazi chake ndicho kilichokuja kuwa akina FitzAlan, masultani wadogo wa Arundel ukipenda kuwaita hivyo, kwa Kiingereza ma-earl. Walter alibaki bila urithi wa maana. Kisha vikaja vita vya kugombea kiti cha Uingereza kati ya Stephen na Matilda. Mwaka 1138 William aliishika ngome ya Shrewsbury kwa ajili ya Matilda, Stephen akaiteka na kuwanyonga walinzi wengi, akiwamo Arnulf wa Hesdin, mjomba wa huyo William. Matilda alikuwa mpwa wa David wa Uskoti, naye David alipigana upande wake. Kijana asiye na ardhi, ambaye nyumba yao imepigwa kwa kumtii Matilda, anakwenda wapi? Kwa David. Wala hakubeba ujuzi mgeni: kwao Dol usimamizi ulikuwa kazi ya ukoo.

Kuhusu jina. Cheo hicho kwa Kilatini ni dapifer, yaani mbeba vyakula, au senescallus. Kwa Kiingereza cha kale ni stigweard, mlinzi wa nyumba, na ndiko lilikotoka steward. Kuna masimulizi kwamba neno linamaanisha mlinzi wa banda la nguruwe, yapuuze. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamfahamu ofisa huyu: ndiye "wakili" wa tajiri katika Luka 16. Walter wa kwanza hakuwa na Stewart kama jina. Lilikuwa kazi, na lilianza kushika kama jina kwa vizazi vya karne ya 13. Tahajia ya Stuart ilikolea kupitia Ufaransa, ambako herufi w haikuwa ya kawaida, na Mary, malkia wa Uskoti, alilelewa huko.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho: hapana. Jina lililotokana na kazi huzaliwa mara nyingi. Kila askofu, kila abasia na kila bwana mkubwa alikuwa na msimamizi wake, na watoto wa hao wote wangeweza kuitwa Stewart. Wapangaji na watumishi nao walichukua jina la bwana wao. Mwaka 1296 mabwana wa Uskoti walipomwapia Edward wa Kwanza wa Uingereza, majina yao yaliandikwa katika orodha ndefu iitwayo Ragman Roll. Ukikuta neno steward katika orodha ya namna hiyo, uliza kwanza ni msimamizi wa nani.

Kosa la kinyume chake linasahaulika zaidi: wako wazao halisi wasiobeba jina. Mtoto mmoja wa Walter wa Pili, naye Walter, alipata usultani wa Menteith kupitia mkewe, na wanawe wakaitwa Menteith. Ukitafuta Stewart peke yake, mlango huo mzima unakupita. Kwa upande mwingine, akina Boyd wa Ayrshire walidai kuwa ni wa Simon, ndugu wa Walter, aliyeshuhudia hati ya kuanzishwa kwa Paisley. Simon yupo kweli katika hati. Kinachokosekana ni vizazi kati yake na Boyd wa kwanza anayejulikana, na dai lisilo na vizazi vya katikati ni dai tu. Ngao nayo haitoshi. Ile ya akina Stewart ina mkanda wa miraba ya buluu na nyeupe juu ya dhahabu, ambayo watu huifafanua kuwa kitambaa cha kuhesabia fedha za mfalme. Akina Boyd nao wana mkanda wa miraba, ila watu waliokuwa chini ya bwana mkubwa mara nyingi waliiga alama zake.

Ukitaka kujihesabu, au kumhesabia rafiki mwenye jina hilo, anza na vyeti vya leo. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo Uskoti ulianza 1855. Nyuma ya hapo kuna vitabu vya parokia, ambavyo vingi havifiki kabla ya karne ya 17, na vina kurasa zilizopotea. Familia isiyo na ardhi mara nyingi hukwama hapo, na kukwama huko si aibu. Familia yenye ardhi ina hati za umiliki za kuendeleza safari. Kwa kipindi cha 1093 hadi 1371 kuna hifadhidata ya bure kwenye intaneti, People of Medieval Scotland, inayowaonyesha watu waliotajwa katika hati pamoja na mashahidi wenzao. Tafuta humo kwa "Walter son of Alan", maana ukiandika Walter Stewart utamkosa.

Kipimo cha vinasaba kinasaidia kwa mstari wa baba hadi mwana peke yake. Wazao wa Sir John Stewart wa Bonkyll, aliyeuawa katika vita vya Falkirk mwaka 1298 na aliyekuwa mwana wa msimamizi Alexander, wanahusishwa na alama iitwayo S781 kwenye kromosomu Y. Mwenye Stewart asiyekuwa nayo anaweza kuwa wa mlango mwingine wa ukoo huohuo, au wa msimamizi mwingine kabisa, au kuna kizazi kimoja ambapo jina lilitoka kwa mama. Kipimo hakichagui kati ya hayo, kwa hiyo usikilipie kabla hujamaliza vyeti.